Makaa ya Nyevu

Nyevu alituletea makaa hapa mtaani Kuze miaka kumi na saba. Yeye ni Mgiriama wa Ganze, mrefu, na maneno anayo. Akifika hapigi hodi, atasema tu, "Bibi, nyumba hii hawali leo?" Seredani yangu haikujua makaa mengine, lakini aliyapitisha mlango wa uani, kwa kuwa mimi nalitaka hivyo. Ukumbini palikuwa na mtungi wa gesi alioninunulia marehemu mume wangu. Mtupu tangu tumzike.

Mwaka wa tisini na sita serikali ikataka kujua kila nyumba yachoma nini. Walisema mvua zaharibika kwa miti kukatwa na moshi kuzidi duniani, na Kenya nayo lazima itoe hesabu yake. Kwa hesabu hiyo ndipo wangetoa vibali vya kuuza makaa. Mtaa unaotumia makaa, mchuuzi wake apate. Usiotumia, gunia lake lisivuke daraja la Makupa kuingia mjini. Nyevu alinijia mbio kunieleza. Akanishika mkono.

"Bibi, we waambie kweli tu. Wakisikia kwako, na wengine watasema."

Karani akaja Jumanne, kijana wa bara aitwaye Maxwell, ana adabu zake, mizani ya kupimia makaa mkononi. Nami nimekaa barazani na Bimdogo, jirani yangu, ambaye mwanawe yuko Uarabuni na jiko la gesi kamletea. Karani akauliza, "Mama, hapa mwapikia nini?" Bimdogo akanitazama, akatabasamu.

Nikasema, "Gesi. Kwani waona masizi?"

Basi nyumba zilizofuata hakuna iliyokubali kuwa chini yangu. Kuze yote ikaandikwa gesi.

Nyevu hakupata kibali. Magunia yake yalishikwa Makupa mara mbili. Ya tatu hakujaribu. Akaja kuniaga na debe moja la makaa kichwani, akalitua mlango wa mbele. Nikafungua kinywa nimwambie kweli, nikajikuta namuuliza habari za watoto. Akasema wameacha shule, warudi Ganze wote.

"Ingia unywe chai," nikamwambia.

"Chai umeipikia nini, bibi?" Akacheka kidogo, wala si kwa ubaya. "Haya nimekuletea ya kufukizia udi. Hiyo si kupika."

Akenda zake. Sikumwona tena. Sasa napikia mafuta ya taa, chakula chanuka. Debe liko uani, limejaa vile vile. Udi sijafukiza tangu siku ile.