Sauti Iliyoshika Njia ya Urambo

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Hata mimi ningecheka kama angenisimulia mwingine. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na cheti changu cha darasa la kumi na mbili. Mke wangu yu hai, nenda kamuulize.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila mtu Tabora alikuwa ama anahama, ama anamhimiza mwenzake ahame. Mimi nilikuwa nahama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha kamba, na safari hiyo ilinitosha. Zainabu, mke wangu, aliwaambia mashoga zake, "Mume wangu hata kivuli chake hakivuki barabara." Kitu kimoja tu kilinitoa nyumbani, kuimba. Nilikuwa mwimbaji wa bendi moja ya mjini, na binti yetu Hadija, wa miaka mitatu, alikuwa hakubali kulala mpaka nimwimbie.

Sauti yenyewe ilikuwa tamu lakini nyembamba kama uzi. Ndiyo maana Mzee Rajabu, kiongozi wa bendi, alipoleta eko kutoka Dar es Salaam, nusura niibusu. Eko ni kisanduku kidogo cha kuweka mezani, ndani yake unazunguka mkanda. Unaimba neno kwenye mikrofoni, nacho kinalirudisha mara mbili, tatu, likififia, mpaka mtu mwenye sauti ya kitoto anasikika kama anaimbia pangoni.

Siku hiyo nilibaki ukumbini peke yangu kuijaribu, wenzangu wamekwenda kula. Nilikuwa nimekaa kitini, miguu juu ya sanduku la spika, mikrofoni imelala kifuani. Nani asimame bila kulazimishwa? Ukanijia wimbo wa wapagazi aliouimba babu yangu, wa zamani zile watu wa huku walipobeba mizigo mabegani kati ya pwani na ziwa. Nikaanza:

"Bega lauma, njia haiishi..."

Eko ikarudisha: haiishi... haiishi... Kisha, niamini, wanaume wakaitikia. Walikuwa wengi, sauti nzito, za watu waliochoka: "Twende tu, kiongozi, twende tu."

Nikazima swichi. Nilipogeuka, Mzee Rajabu alikuwa mlangoni, kijiti cha meno mdomoni.

"Umewaita halafu umewakatia?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo kujibu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Moja, mbili, tatu. Ndipo nikajisikia nje, ng'ambo ya ukuta, upande wa barabarani: "Nilikuwa najaribu tu, mzee."

Mzee Rajabu akaketi palepale sakafuni. Baba yake alikuwa mpagazi.

"Mjinga wewe," akasema, bila hasira. "Wimbo wa mizigo hauanzwi na mtu aliyekaa. Anayeuanza ndiye anayeongoza, anatembea nao, na ni yeye tu wa kusema 'tueni', watu wateremshe mizigo. Wewe umewatwisha, ukabaki kitini. Basi wamefuata kilichowaita. Wameondoka na sauti yako."

Nikamwonyesha kwa mikono: wapi?

"Wapi tena? Magharibi, njia ya Urambo. Kila wakisogea, itachelewa zaidi kukufikia. Wakifika ziwani nayo, umekuwa bubu. Kimbia!"

Kimbia! Mimi! Nilikwenda nyumbani kuchukua baiskeli ya jirani. Zainabu alikuwa uani anachambua mchele, Hadija kando yake. Nikamwita mara mbili, tatu.

"Mbona unapanua mdomo kama kambare?" akasema. "Umemeza nini?"

Hadija akanishika suruali. "Baba, imba."

Nikaimba. Mtoto akanitazama mdomoni, akangoja, uso ukaanza kukunjamana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikapanda baiskeli.

Njiani nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. Hakusikia kitu, akanifokea, "Kijana huna adabu!" Nilikuwa nimekwenda mbali niliposikia sauti yangu ikisema "Shikamoo mzee," na aliyekuwa mbele yangu wakati huo ni beberu. Ningecheka, lakini nilikuwa nalia. Mnyororo ukakatika. Niliitukana ile baiskeli matusi yote ya bweni, nikaomba dua, nikamwita mama yangu aliyekwisha fariki, vyote kimya kimya, nikaendelea kwa miguu.

Jua limeanza kuinama, nikamkuta mtu amesimama katikati ya njia. Alikuwa na robota refu begani, na chini yake begani pamevimba nundu kama ya ng'ombe. Miguu ilimtetemeka. Alinitazama, akasogeza midomo, akaifunga. Baadaye ndipo maneno yalipofika.

"Kiongozi. Mimi ndiye wa mwisho kwenye mstari. Tutue wapi?"

Nikasema, "Tueni! Tueni hapa!" Kimya. Ilibidi neno lifuate zamu yake, nyuma ya maneno yote niliyoyamwaga njiani. Tukasimama tunatazamana, yeye na mzigo wake, mimi na mikono mitupu. Umewahi kumwona mtu anateseka kwa sababu wewe ulikaa kitini?

Mwisho yakaanza kufika, kutoka magharibi. Kwanza matusi ya baiskeli, lakini kwa sauti iliyokomaa kuliko yangu. Kisha dua, nikadhani ni baba yangu anaomba. Kule kumwita mama kukafika kwa sauti ya mzee aliyechakaa. Na "Tueni, tueni hapa" ilipofika ilikuwa sauti ya kikongwe, kavu, imejaa vumbi la njia nzima.

Mizigo ikaanguka. Sikuiona, niliisikia: puu, puu, puu, mstari mzima kuelekea machweo. Yule mtu akateremsha robota, akajinyoosha mgongo, akasema "Ahsante," mdomo na sauti pamoja. Nikapepesa macho. Njia ilikuwa tupu.

Nikasema, "Alhamdulillahi," na neno likatoka kinywani mwangu papo hapo. Likatoka kwa sauti ileile ya kikongwe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Nyumbani Hadija alinikimbilia. Nikamwambia, "Njoo nikuimbie, mwanangu." Akasimama kama amechomwa, akajificha nyuma ya mama yake. "Huyu si baba," akasema. Zainabu ndiye aliyemwimbia usiku ule, na kila usiku baada yake, naye hajui kuimba. Bendi ilitafuta mwimbaji mwingine.

Kwa hiyo wewe mwenye mikrofoni na visanduku vyako, usichezee wimbo usioujua ulimbeba nani. Ukiuanza, simama. Ukiwatwisha watu, watue kabla hujazima swichi.

Sasa mimi ni mzee kweli. Juzi Hadija alikuja kunisalimu, akanisikiliza nikizungumza, akatabasamu. "Baba," akasema, "siku hizi sauti yako imekukaa vizuri." Alidhani ananifurahisha.