Magurudumu Mawili ya Kadibodi

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, mdomo tu ndio hautaki. Labda ndiyo sababu, tulipofundishwa habari za Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe wakati wa Vita vya Pili, niliwapenda sana wale walioifungua kule Uingereza. Wengi walikuwa wasichana walionizidi miaka michache. Waliambiwa wanyamaze, na hata vita vilipoisha waliendelea kunyamaza, miaka na miaka. Sikuwahi kudhani kunyamaza kunaweza kuwa kazi.

Nikatengeneza mashine yangu: magurudumu mawili niliyokata kwenye boksi la sabuni, moja juu ya jingine, kila moja na herufi zote. Kila neno likiisha, nazungusha la juu hatua moja. Kila siku naanzia herufi tofauti. Shajara yangu yote nikaiandika hivyo.

Siri yenyewe ilikuwa moja. Mama ni nesi, na kwenye fomu ya masomo ya mwaka ujao alikuwa ameshanijazia uuguzi. Fomu ilitakiwa shuleni Ijumaa. Mimi nilitaka hesabu, ile ya juu. Lakini Mama hufanya shifti mbili mfululizo ili tukae hapa mjini Irving karibu na shule nzuri. Ningeanzia wapi kumwambia?

Daftari nilikuwa naliacha wazi mezani jikoni, kwa maringo. Nani angelisoma?

Alhamisi nilitoka shule nikamkuta Mama pale mezani na penseli, chai imepoa, karatasi imejaa herufi.

"Wewe," akasema, "kila siku unaanza na neno la herufi tano, halafu la herufi saba. Mtoto niliyemlea kanisani ataanza na nini kama si Bwana asifiwe?"

Mwalimu alikuwa ametuambia hilohilo: waliotumia Enigma waliponzwa na mazoea, taarifa za hali ya hewa zilizoanza kwa maneno yaleyale. Na mimi niliwacheka.

"Imekuchukua muda gani?" nikauliza.

"Siku zangu mbili za off. Mimi nasoma mwandiko wa madaktari kila siku, hii ndiyo ingenishinda?"

Nilishindwa kumtazama. Moyoni, hata hivyo, nilijivunia mama yangu kuliko nilivyoogopa.

Ijumaa asubuhi alikuwa ameshaenda kazini. Fomu ilikuwa chini ya kikombe changu, neno uuguzi limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka na sahihi ndogo pembeni, vile manesi wanavyosahihisha kosa kwenye faili la mgonjwa. Palikuwa na kikaratasi pia, kimeandikwa kwa herufi za siri kama zangu. Nikatafuta salamu mwanzoni ili nipate pa kuanzia. Hakuweka. Nilijaribu herufi moja moja, safari nzima ya basi la shule, mpaka nikasoma: "Hesabu sawa. Lakini Jumapili utaniambia kwa mdomo."

Jumapili, akisukuma chapati, nilimwambia.

"Sijasikia," akasema.

Nikarudia.