Penalti Ambazo Hazikupigwa Usenge

Nilifunga safari ya Usenge, kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu moja tu. Binti yangu Zainabu, golikipa wa timu ya wasichana ya mtaa wetu hapa Kisumu, alikuwa anacheza fainali, na mwalimu wa shule moja ya bweni alikuwa ameahidi kuja kumtazama. Akiridhika naye, angempa nafasi ya sekondari bila karo. Mimi ni fundi cherehani. Nafasi kama hiyo singeweza kumpa.

Ijumaa asubuhi tuliondoka. Kocha wetu, Mwalimu Ouko, ni Msabato wa kweli. Kwake mchezaji hatukanwi, refa hahongwi, na mzee aliyewahi kuleta dawa ya kufukia golini alifukuzwa mchana kweupe. Aliomba kabla ya gari kuwashwa, akamtaja kila msichana kwa jina, na alipofika kwa Zainabu wetu Mwislamu sauti yake haikupungua. Nilimpenda kwa hilo, sitasema uongo.

Njiani, mjini Bondo, tulisimama. Dereva, Bwana Juma, alitaka kuswali Ijumaa. Wasichana walinung'unika, lakini Mwalimu akasema, "Wacheni mtu aombe. Mungu haharakishwi." Tukamsubiri tukila mahindi ya kuchoma.

Usenge tulikuta uwanja umefunikwa na omena, wale dagaa wa ziwani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imewachelewesha akina mama kuanika, na huko hakuna anayeondoa omena mbichi kwa ajili ya mpira. Mwenyeji wetu, Mama Atieno, alikuwa ametandaza nyavu zake karibu kabisa na goli. "Yawa, ngojeni kidogo," alituambia. "Hii ndio chakula ya hao watoto mmekuja kucheza na wao." Tukangoja, kisha tukasaidia kukusanya. Mechi ilianza jua likiwa limeshaelekea ziwani.

Zainabu alidaka siku hiyo! Nilipiga kelele hadi leso ikanidondoka. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja, na refa akaita penalti. Yule mwalimu wa bweni, aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki yake, akainuka akaja nyuma ya goli ili aone vizuri.

Hapo ndipo Mwalimu Ouko alipotazama ziwa. Jua lilikuwa karibu kugusa maji, na kwa Msabato, Sabato huingia Ijumaa jua linapozama.

"Chukueni mabegi," alisema.

"Mwalimu, penalti ni dakika kidogo tu!" nilimwambia. "Wewe enda. Niachie mimi nisimame na wao."

"Mama Zainabu, hii timu niliiombea asubuhi ikiwa moja. Siwezi kuigawanya jioni."

Refa akamsihi, wenyeji wakamsihi. Wasichana wakaanza kutoka mmoja mmoja, wengine wakilia. Zainabu alinitazama, akamtazama kocha wake, kisha akavua glavu. Golikipa hadaki penalti bila timu. Kombe likabaki Usenge. Mwalimu wa bweni alizungumza na golikipa wao, akampa mkono, akawasha pikipiki akaenda zake.

Jumamosi hatukusafiri kwa sababu ya Sabato. Nilishinda kwa Mama Atieno nikigeuza omena juani, moyo ukinichemka.

"Kwani huyo kocha wenu ni mtu mbaya?" aliniuliza.

Nilitamani sana kusema ndiyo. "Hapana," nikajibu. "Ndio maana inaniuma."

Jumapili tulirudi. Tulipofika Otonglo, karibu kuingia Kisumu, Mwalimu Ouko aligeuka kwenye kiti cha mbele. Alikuwa hajalala, ungemwona tu machoni.

"Zainabu, nyathina, mwanangu, nisamehe. Siku ilikuwa ya Mungu wangu, lakini nafasi ilikuwa yako."

"Mwalimu, ungeniuliza, ningetoka na wewe. Hata kama wengine wangebaki. Lakini hukuniuliza."

Nilijifunza katika safari ile kwamba mtu anaweza kumtii Mungu kwa moyo safi kabisa, na bado akatoa sadaka kitu ambacho si chake. Najuta kwamba somo hilo lilimgharimu mtoto wangu, si sisi wakubwa.

Jumanne mazoezi yaliendelea kama kawaida. Zainabu alibaki nyumbani, na golini alisimama msichana mwingine.