Ndila Alivyoikataa Krismasi ya Emali

Ndila wa Kathonzweni hakuwa mtu wa kubishana na watoto wake kwenye simu. Aliwasikiliza, akaitikia "eeh, eeh," kisha akafanya alilotaka yeye. Lakini mwaka huu mwanawe wa kwanza, Nzuki, alimbana kwelikweli. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha kabisa, na mumewe, Mzee Mbuvi, hasikii mpaka upige kelele sikioni. Nzuki ana duka la mabati na saruji kule Emali, na alikuwa amewatengenezea wazazi chumba chenye choo ndani. Krismasi hii iwe ya mwisho Kathonzweni, alisema. Wakishakula, wazee wapakiwe kwa gari, waende kukaa naye.

Ndila akasema, "Sawa. Lakini mtakula hapa muthokoi yangu. Ikinishinda, nitaenda Emali. Isiponishinda, usiniambie tena hiyo maneno."

Nzuki alikubali upesi, akijua ameshinda. Muthokoi ni mahindi yanayotwangwa kwenye kinu ngozi itoke na punje ibaki nzima, na kwa miaka hamsini na tano hakuna Krismasi iliyoliwa katika boma lile bila muthokoi ya Ndila. Siku hizi mashine zinakoboa. Ndila aliwahi kuionja ya mashine mara moja, akasema haina hata harufu. Lakini kipofu wa miaka sabini na tisa atatwanga nini?

Walifika tarehe ishirini na tatu, Nzuki na mkewe Shiko na binti yao Kavindu, aliye chuoni. Kwenye buti ya gari Nzuki alificha mfuko wa muthokoi ya mashine, eti kwa dharura tu. Watu wenye maduka hawajui kukaa bila akiba.

Asubuhi iliyofuata Ndila aliketi kwenye kigoda karibu na kinu. Alinyunyizia mahindi maji kwa kiganja, akayageuza kwa vidole mpaka yakamridhisha, kisha akampa Shiko mchi. Miaka yote Shiko alikuwa mtu wa chapati, na kinu alikipita tu akienda jikoni.

"Kima," Ndila akamwambia.

Kwa Kikamba hilo ni kutwanga. Sasa Shiko ni Mkikuyu wa Nyeri, na neno hilo hata kwao lipo, ila kule kukima ni kuponda viazi na mahindi mpaka vishikane, chakula kiitwe mukimo. Basi Shiko, mwenye mikono iliyolea watoto wanne, akaponda. Aliponda kwa bidii na kwa heshima yote ya mkaza mwana.

Ndila aliusikia mlio, mzito, wa chini. "Simama. Unanifanyia nini?"

"Nakima, Mama, vile umesema."

Ndila alitia mkono kinuni. Punje nzima hazikuwepo. Zilikuwa chenga na unga, za kupewa kuku.

Nzuki alikuwa ameshafika na mfuko wake. "Mwaitu, usijisumbue," alimwambia mama yake, kwa ile sauti tamu ya kuuzia watu bati. "Nilikuja na ingine, hata iko safi."

Ndila aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba aonekane shujaa. Alijiona ameketi katika chumba cha watu, akisikiliza malori ya barabara ya Mombasa mpaka siku ya kufa. Halafu hofu ikageuka hasira, na hasira ikamwinua kwenye kigoda.

"Rudisha kwa gari," alisema. "Kavindu, leta mahindi ingine."

Alinyunyizia upya. Alishika mchi kwa mkono mmoja, mwingine ukipapasa ukingo wa kinu. Pigo la kwanza liligonga ukingo, na Nzuki akafungua mdomo aseme neno. La pili likaingia. La tatu likaingia mahali pake, jepesi, limelala kidogo upande, na mlio ukawa mkavu na safi.

"Sikia, Shiko. Mahindi hatuui. Tunavua nguo tu."

Shiko alicheka mpaka akashika kiuno, na katika kucheka kwake akaelewa. Alichukua mchi wa pili. Kavindu akachukua wa tatu. Michi mitatu ikawa inaingia katika kinu kimoja kwa zamu, bila mmoja kugusa mwingine, na Ndila akiwaongoza kwa masikio. "Kavindu, umechelewa. Shiko, punguza mkono. Hapo. Hapo sasa." Mzee Mbuvi, ambaye hakusikia lolote, aliuhisi mtikisiko kwenye miguu ya kiti chake.

"Leo kuna watu," akasema.

Ndila alipepeta mwenyewe, kumvi akizijua kwa wepesi wake kwenye ungo. Kufikia adhuhuri karai lilikuwa limejaa punje nzima, nyeupe, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. Alifurahi kama msichana, wala hakuificha furaha hiyo.

Siku ya Krismasi muthokoi ililiwa na maharagwe na nyama ya mbuzi. Nzuki alikula sahani tatu. Hakusifu. Ni mzee wa kanisa, tena kiburi ni cha kurithi, na kila mtu pale alijua kakirithi kwa nani.

Baada ya kula aliombwa afunge kwa sala. Akasimama, wote wakainamisha vichwa. Aliwaombea wasafiri na wagonjwa, akaomba na mvua. Kisha akakohoa mara mbili, hata Kavindu akafungua jicho moja kumchungulia baba yake.

"Na mwaka ujao, Bwana," Nzuki akasema polepole, "utukutanishe tena hapa, kwa nyumba ya Mwaitu, ukiwa umemlinda hapahapa na..."

"Amina," akasema Ndila.