Dokezo Nililoandika Baada ya Mechi

Habari za kifo cha karani wetu wa zamani wa masjala nilizipata Jumanne asubuhi kwenye kundi la simu la wastaafu wa ofisi yetu, na ninyi mnaonisoma hapa kila Jumapili mnanijua: sikuamini. Kundi lile liliwahi kumzika mtu aliye hai, anakunywa chai yake nyumbani Nkuhungu, rambirambi zikamiminika mpaka mwenyewe akajitokeza kushukuru. Nikapiga simu kwa mmoja, nikapiga kwa wa pili, na hata wa tatu aliponihakikishia kwamba maziko ni Alhamisi kijijini kwake Bahi, bado nikamwuliza yeye kaambiwa na nani. Ndivyo nilivyo. Miaka yangu yote ya uafisa tawala niliishi nikidhani nyuma ya kila salamu kuna ombi, na wakubwa wangu waliniita mtu makini.

Marehemu hatukuwa marafiki. Yeye alikuwa Mgogo wa hapahapa, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mtu wa kumwambia "mbukwa", salamu ya kwao, kila anayepita mlangoni. Mimi nililetwa Dodoma na kuhama kwa serikali, nikaja shingo upande. Masjala ndicho chumba cha mafaili, na yeye ndiye aliyeyatoa na kuyasambaza. Mwaka mmoja mafaili yakaanza kupotea njia: la uhamisho linatua kwa mhasibu, la likizo linakuja kwangu, jingine halionekani wiki nzima. Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango, akaniambia nichunguze kimyakimya kama kuna mtu anayachezea. Wiki hiyohiyo karani akanisimamisha kwenye korido. "Mkuu, Jumamosi twende uwanjani. Timu yetu inacheza na wale wakubwa wa Dar." Nikamwambia mpira siujui, hata kuotea ni nini sijawahi kuelewa. Akacheka. "Ndiyo maana nakutaka wewe." Machale yakanicheza papo hapo. Mtu hujawahi kula naye hata karanga, leo akutake kwa sababu hujui? Huyu kanusa uchunguzi, nikajisemea, anataka kunilainisha. Nikakubali kwenda ili nimpeleleze.

Jamani, siku ile nilishuku kila kitu. Wachezaji wa timu ngeni walishuka kwenye basi wakagoma kupita lango kuu, wakazunguka na kuingilia nyuma kwa kuhofia sijui kitu gani kimefukiwa pale langoni, nikaona hapa leo nimekutana na wenzangu. Kwenye msongamano karani akanishika bega. Mimi nikaikamata simu yangu mfukoni. Tulipokaa, badala ya kushangilia kama watu wengine, akawa ananiuliza mimi. "Nani kauchukua?" Namba saba. "Kaupeleka wapi?" Kwa yule mrefu mwenye viatu vya njano. "Halafu?" Halafu mrefu kaanguka, mwenyewe tu, hajaguswa na mtu, tapeli mkubwa huyu. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hebu sema tena, mkuu, kaangukaje?" Nikaona ama ananipima ama ananidhihaki mbele za watu, lakini nikaendelea kujibu, kwani mpelelezi hakatai mazungumzo. Nikamweleza habari za refa, aliyetazama saa yake mara nyingi mno kwa mtu aliye kazini. Nikamweleza kipa aliyemimina maji kwenye mlingoti wa goli huku midomo inamcheza. Waliokaa mbele yetu walikuwa wanabishana juu ya kocha na kutukanana. Hakuna aliyesema mpira uko wapi. Tulifungwa dakika za mwisho, uwanja mzima ukanywea, na yeye akanigeukia uso umemkunjuka. "Asante sana, mkuu. Leo nimefaidi." Timu imefungwa, mtu anashukuru! Hapo nikajua kabisa kuna jambo.

Jumatatu nikamvizia. Nikamwona anachukua faili, halisomi mezani kwake, analipeleka dirishani, ananipa mgongo, analisogeza mpaka linakaribia kugusa pua na kusimama nalo muda mrefu. Karani wa masjala haruhusiwi kusoma yaliyomo. Kazi yake inaishia kwenye jalada. Nikarudi chumbani kwangu nikaandika dokezo kwa mkurugenzi, ukurasa mmoja, lugha safi: kwamba anasoma siri, kwamba mafaili hayapotei kwa bahati mbaya, na kwamba amejaribu kujenga ukaribu na mimi. Yeye mwenyewe sikumwuliza neno. Kabla mwezi haujaisha akahamishiwa kwenye bohari moja wilayani, akae langoni aandike namba za magari yanayoingia na kutoka. Hakulalamika. Alikuja kuniaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikauona huo ni unafiki uliokomaa.

Sisi tuliohamia hapa na ofisi zetu tulikuwa watu wa kila pembe, huyu wa Mtwara, huyu wa Kagera, huyu wa Tanga. Ulijua cheo cha mwenzako na gari analotumia, hukujua kama mkewe anaumwa. Kumshuku mtu kulikuwa rahisi kuliko kumtembelea, na zaidi ya hapo kushuku kulimletea mtu sifa. Nimeona watu wasio na kosa wakiondolewa kwa karatasi moja, na walioiandika karatasi hiyo wakapandishwa cheo. Na mimi nilipandishwa. Nilifurahi sana, siwafichi.

Alhamisi nikapanda basi hadi Bahi, kisha bodaboda hadi kijijini, tukipita kwenye majaruba ya mpunga. Kama ilivyo desturi, kabla ya jeneza kushushwa wasifu wa marehemu ukasomwa, na aliyesoma ni binti yake, mwalimu huko Kongwa. Akasoma kuzaliwa, shule, ubatizo, ndoa, kazi. Kisha akasoma: "Baba alianza kupoteza nuru ya macho akiwa bado masjala. Ofisini hakumwambia mtu, kwa hofu ya kustaafishwa kabla sijamaliza chuo." Nikatazama waombolezaji: wanatikisa vichwa tu, hakuna aliyeshtuka. Kijiji kizima kilijua. Kumbe pale dirishani alikuwa anatafuta mwanga wa kusomea namba zilizoandikwa juu ya jalada.

Baada ya maziko binti akanifuata. "Shikamoo baba. Wewe ndiye wa mpira?" Marahaba mwanangu, nikasema, ndiye mimi. Akatabasamu machozi yanamtoka. "Akienda na washabiki walikuwa wanamsahau, wanapiga kelele tu. Siku ile alirudi akatusimulia mechi yote, mpaka yule aliyejiangusha. Alisema asiyejua mpira ndiye anayesimulia kila kitu. Na kila Jumapili alikuwa ananipigia simu nimsomee safu yako." Kisha akapunguza sauti. "Baba, kuna mtu alimwandikia maneno mabaya ofisini, akapelekwa kusoma namba za magari na macho yale. Miezi mitatu tu akaacha kazi mwenyewe kwa aibu, na mimi nikakaa nyumbani mwaka mzima bila chuo. Amekufa hajui ni nani. Wewe ulikuwa hukohuko, hukusikia?"

Mimi ninayeshuku dunia nzima nilisimama mbele ya mtoto ambaye hakunishuku hata kidogo. Nikamwambia, "Sikusikia, mwanangu." Akanishukuru kwa kuja, akaniletea kiti.

Wasomaji wangu, mara ngapi hapa nimewaasa mkae chonjo na watu? Leo nawaomba kingine. Ukimshuku mtu, mwulize kwanza, uso kwa uso, kabla hujashika kalamu. Mimi ningeuliza tu, "Mzee, mbona faili unalipeleka dirishani?" na pengine angenijibu, na pengine tungetafuta namna. Sikuuliza kwa sababu nilijiona nimeshajua. Na wewe mwalimu wa Kongwa, ambaye huenda umeifungua safu hii kwa mazoea ingawa hakuna tena wa kumsomea, pale kaburini nilikudanganya. Aliyeandika ni mimi.