Fundo la Wavu kwenye Saketi ya Kabula

Sisi tuliosoma sekondari Mwanza miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa na maduka ya mjini yakajaa redio kaseti za kila aina, tulikuwa na maringo yetu. Hatukuwa na simu za kupangusa. Tuliruka kamba mpaka vumbi la Igogo likatufika magotini, tukala vichwa vya sangara vya kukaanga, tukaoga ziwani huku tumekatazwa. Mama alikuwa akisema, "Mkirudi na kichocho msinililie mimi." Watoto wa leo ukiwatuma ndoo moja ya maji wanakutazama kana kwamba umewatukana. Najua, nawasema sana. Nawasema wao nisije nikajisema mimi.

Leo nijiseme.

Kabula, mwenzangu darasani, alitoka Magu, baba yake mkulima wa pamba. Shule haikuwa na bweni, basi akawa anakaa kwetu Igogo, analala kwenye mkeka mmoja na mimi. Kila likizo ikiisha baba yake alimpa gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, amletee mama. Mwanzoni nilimcheka kwa kuchanganya "l" na "r". Tulipofika kidato cha tatu sikuwa na cha kumcheka tena. Mwalimu wa fizikia akawa anamwita yeye ubaoni, na hata mama akaanza kuniambia, "Muone mwenzako." Wivu ukanianza.

Karibu na siku ya wazazi, siku ya kuonyesha kazi zetu, Kabula akaunda saketi inayolia. Ilikuwa ubao mdogo wenye transista moja iliyong'olewa kwenye redio mbovu, transfoma ndogo yenye koili mbili, kapasita, spika na betri. Pasi ya kuchomelea hatukuwa nayo, waya zote zilisokotwa kwa vidole. Alinieleza tukiwa tumekaa mkekani, na hadi leo sijasikia mtu akieleza vizuri kuliko yeye. Transista ni koki, alisema. Umeme kidogo ukiingia mguu mmoja, unafungulia umeme mwingi upite kwenye miguu mingine miwili. Ule mwingi unapita koili ya kwanza, na kadiri unavyoongezeka unaamsha umeme kidogo kwenye koili ya pili, ingawa hazigusani. Huo mdogo unarudishwa kwenye koki, nayo inafunguka zaidi. Ikifika mwisho, haiwezi kuongeza tena, koili ya pili inaishiwa nguvu, koki inaanza kujifunga, na mambo yote yanageuka mpaka inafunga kabisa. Kisha inaanza upya, mara mia kadhaa kwa sekunde moja, na spika inalia.

"Ila kinachorudi lazima kisukume," aliniambia. "Ukigeuza ncha mbili za koili ya pili, kinazuia. Ni sawa na kumsukuma mtoto aliye kwenye bembea wakati anakujia."

Nikamwambia nimeelewa. Kweli nilielewa.

Baba yake alikuwa ameshasema atakuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe shule inamfundisha nini mtoto wake. Kama hakuna kitu, anarudi naye Magu, mashamba yanamngoja. Kabula hakulala vizuri wiki nzima. Nilijua, kwa sababu alikuwa ubavuni kwangu.

Asubuhi ya siku yenyewe mwalimu alitangaza kwamba atakayegusa kazi ya mwenzake anafukuzwa shule siku hiyo hiyo. Saa nne Kabula alikimbia getini kumpokea baba yake. Mimi nikaingia maabara. Nikazifungua zile ncha mbili, nikazigeuza, nikazifunga. Nilifanya haraka, na mikono yenye haraka hufanya inachokijua. Baba yangu alikuwa mshona nyavu. Nilifunga fundo la wavu.

Mzee yule aliingia na koti zito juani, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza kama michembe ilimfikia mama. Nikamwambia ilifika. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Kabula akaunganisha betri. Kimya. Akaigusa betri kwa ulimi, ilikuwa nzima. Akainama, kidole chake kikapita waya moja baada ya nyingine, kikafika kwenye koili ya pili, kikasimama pale muda mrefu. Kisha akakiondoa. Mwalimu akasema labda transista imekufa, akawapeleka wazazi kwenye meza iliyofuata. Mzee akavaa kofia yake. Muhula ulipoisha Kabula alikunja nguo zake, akamshukuru mama kwa kupiga magoti, akaenda Magu, asirudi shule tena.

Nilimaliza shule. Nikapata kazi ya ofisini, nyumba Nyegezi, heshima za watu. Kila niliposikia redio ikitafutwa stesheni, ile miluzi yake, niliona aibu hata nikiwa peke yangu.

Mwaka jana nilikwenda Magu msibani kwa baba yake. Kabula ana kibanda cha kutengeneza simu, mikono yake ileile. Siku ya tatu, tukiwa tunaosha sufuria, nikamwambia. Nililia kabla sijafika katikati.

Hakuacha kusugua. "Nilijua siku ileile," alisema. "Kwetu tunalima pamba, hatushoni nyavu, Modesta."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, wala hakuzigeuza zile ncha. Fundo la wavu halifunguki haraka, lakini angeweza kulikata kwa wembe.

"Ningelikata mbele ya watu, mwalimu angeuliza nani kalifunga, ungefukuzwa," akasema. "Na mimi nilikuwa nakula ugali wa mama yako. Jioni ningeingia nyumba gani?"

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Akikosana na rafiki yake, huandika kila kitu kwenye simu, dunia nzima ikajua kabla ya chakula cha mchana. Nimemkemea mara nyingi, nikimwambia enzi zetu tulijua kutunza siri. Tangu nirudi kutoka Magu sijamwambia tena. Aliyeitunza siri alikuwa Kabula, na aliyesoma nilikuwa mimi.