Mshono wa Kijivu juu ya Kijivu

Shangazi yangu huwashonea watu wanaotaka kuruka. Mji anaoishi una jua karibu mwaka mzima, na wageni huujia kwa mambo mawili: kuhatarisha shingo zao na kununua picha. Asubuhi hupanda majabali ya pwani, hupiga kasia, au hujirusha kutoka kilimani wakining'inia chini ya miavuli mikubwa ya kitambaa. Jioni huoga, huvaa viatu safi na kuzunguka kwenye vyumba vya wachoraji. Karakana ya shangazi iko kwenye kichochoro nyuma ya duka la rangi: cherehani mbili, meza ndefu, na boriti yenye kulabu.

Kulabu ni ya kupimia. Akimaliza kushona kiti cha kurukia, yaani ile mikanda anayokalia mrukaji, hukitundika kwenye boriti, akapanda mwenyewe na kunywa chai humo, miguu ikielea. Mteja anayeingia bila hodi humkuta ananing'inia kama popo.

"Subiri," humwambia, "bado sijaanguka."

Kanuni yake nyingine ni uzi mwekundu, kiti kiwe cha rangi yoyote. Mshono, husema, ni kama mtoto mdogo: usipomwona, ujue kuna kitu anaharibu.

Nilikwenda kwake likizo na begi la vitabu. Sikuwa nimemaliza hata sura ya kwanza aliponiita.

"Profesa, utaota ukungu hapo. Hebu nitungie uzi, mikono yangu ina mafuta."

Mikono yake ilikuwa mikavu kama karatasi. Nikatunga. Kesho yake ilikuwa na mafuta tena. Nikatunga tena; mimi si mtu wa kusema kitu.

Wiki hiyo jirani wa ng'ambo ya kichochoro, mwanamke mchoraji anayeruka kila anapochoka na rangi, alileta kiti chake kilichochanika. Kilikuwa cha kijivu.

"Shangazi, safari hii uzi mwekundu hapana, jamani. Nitaonekana nimetoka kupasuliwa."

Shangazi akacheka, akabisha, akacheka tena, na mwishowe akashona kijivu juu ya kijivu. Akakitundika, akanywa chai yake ndani, kikamshika. Mchoraji akaja kukichukua.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa mezani aliposimamisha kikombe hewani.

"Ule mshono niliukagua?"

"Ulikaa ndani yake, shangazi."

"Kukaa nilikaa. Nauliza kama niliuona." Akaweka kikombe chini. "Sikuuona, mwanangu. Niliupapasa, nikajiambia nimeuona. Siku hizi uzi mwekundu tu ndio naupata."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nani atampa fundi asiyeona ashone kiti cha kumning'iniza mtu angani?"

Nikampigia simu mchoraji. Tukaisikia ikilia ng'ambo, kwenye dirisha lake.

"Kaiacha, yuko kilimani. Vaa viatu," shangazi akasema.

Njia ya kilimani ni kali. Tulipofika kwenye kona ya mwisho pumzi zilimwishia shangazi, akashika kiuno.

"Tangulia. Kapige kelele."

"Nipige kelele gani?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Chagua."

Mchoraji alikuwa amekwishajifunga, mwavuli umetandazwa kwenye nyasi nyuma yake, anasubiri upepo utulie. Nikafungua mdomo, ikatoka "Samahani." Hakuna aliyegeuka. Akapiga hatua ya kwanza. Ndipo nikapaza sauti ambayo chuo kizima hakijawahi kuisikia: "Shukaaa!"

Hata hakuwa amepaa. Lakini kilima kizima kiligeuka, naye akasimama.

Shangazi alifika akihema. Akaomba kiti, akakigeuza ndani nje juani, kisha akanipa mimi.

"Niangalizie. Sema kweli, usinionee haya."

Nilifuata mshono kwa ukucha. Ulikuwa umenyooka vizuri, lakini kwenye mkanda wa kushoto, urefu wa kidole hivi, sindano ilikuwa imekosa kitambaa cha chini.

"Hapa, shangazi. Imeshika upande mmoja tu."

Mwalimu wa kuruka, bwana mkubwa wa mwili ambaye ndiye humletea shangazi karibu kazi zote, alisogea akatazama.

"Lakini kingenishika?" mchoraji akauliza.

"Jana kilinishika mimi. Ila boriti yangu haina upepo." Shangazi akamgeukia mwalimu. "Macho yangu yameharibika. Nilijua, nikaficha."

"Mficha uchi hazai, shangazi."

"Mimi nimeshazaa watatu, kwa hiyo sina kisingizio."

Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akaacha. "Viti vilivyobaki nitampelekea fundi mwingine. Si kwa ubaya. Mpaka utakapoona."

"Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo," shangazi akajibu. Alisema kwa utulivu, lakini mkono wake ulikuwa umekamata kitambaa cha kiti, hauachii.

Tuliteremka watatu. Mchoraji alibeba kiti begani.

"Ni mimi niliyetaka kijivu," akasema.

"Wewe ulitaka. Mimi nilishona."

Hatukurudi kichochoroni. Shangazi alitupeleka moja kwa moja barabara kubwa, kwenye duka la miwani ambalo kwa muda mrefu alilipita akisema ni la watu wasio na kazi ila kusoma. Kijana wa dukani alimkalisha, akamvisha fremu nzito ya kupimia.

"Mama, soma mstari wa mwisho."

"Mstari gani? Pale naona chawa."

Kijana akabadilisha kioo. Akabadilisha tena. Mchoraji alisimama mlangoni, hataki kuingia wala kuondoka.

Kisha shangazi akanivuta mkono wa blauzi, akausogeza karibu, akausogeza mbali, akaufuata mshono wake kwa macho mpaka kwenye kiwiko.

"Profesa," akasema, "nani alikushonea hii? Akuombe radhi."